Sanduku Limegoma: Jinsi ya Kuokoa Heshima Yako na Picha za Watu

Karibu ndani, ndugu yangu, na urudishe mlango. Tutakayozungumza hayafai kusikika sebuleni.

Unalo lile sanduku dogo jeusi lenye diski mbili tumboni, ambalo wauza kompyuta huliita NAS. Umelichomeka kwenye rauta nyumbani kwako Forest au Soweto hapa Mbeya, au kule Gangilonga kwa wenzetu wa Iringa, na tangu hapo nyumba nzima inatunza mali yake humo: picha za harusi unazopiga kila Jumamosi, nyimbo za kwaya, mitihani ya mwalimu, sauti ya bibi akisimulia hadithi kabla hajatutoka. Ukoo mzima unajua kwamba wewe ndiye mwenye sanduku. Ukiingia kwenye kikao cha harusi, kamati inakupisha kiti.

Leo asubuhi sanduku halijibu. Simu haioni kitu, kompyuta inazungusha kiduara chake, na watu watatu wamesimama nyuma yako wakikutazama kisogo.

Una vitu viwili vya kuokoa, picha na heshima, nami nitakuonyesha njia ya mkato ya kuokoa vyote. Najua unataka kuonekana fundi. Kila mtu anataka, na sikuombi uache. Nakuomba uitumie tamaa hiyo vizuri, maana masanduku mengi niliyoyaona yakifa yaliuawa na wenyewe, waliobonyeza na kuchomoa ili watu waone kazi inafanyika. Fundi wa kweli hufanya machache, tena polepole. Machache na polepole hata asiye fundi anayaweza. Hapo ndipo tunapoingilia sisi.

1. Agiza chai

Usiguse kitu. Vuta kigoda, kaa mbele ya sanduku, kunja mikono, omba chai. Kama umeme ulikatika usiku ukarudi, sanduku linaweza kuwa linajikagua: linapitia diski kipande kwa kipande kuona kama kuna kilichokatizwa katikati ya kuandikwa. Diski kubwa zinaweza kulichukua dakika kumi, au saa nzima na zaidi, na muda wote huo halimjibu mtu. Ukidhani limekufa utachomoa waya, utachomeka, litaanza ukaguzi upya, nawe utachomoa tena. Kikohozi utakuwa umekigeuza kifua kikuu kwa mikono yako.

Sogeza sikio. Mvumo laini, usiokatika, ni dalili njema. Ukisikia tik, tik, tik, kwa mapigo yanayolingana, weka kikombe chini na uruke mpaka hatua ya tisa.

Ukiulizwa unafanya nini, jibu kwa utulivu: "Naliacha lijikague." Ni kweli tupu, na ina uzito. Hakuna aliyewahi kumhoji mtu aliyesema hivyo.

2. Mtume mtoto kwenye mita

Mtume kwa sauti ya chini. Umeme wa LUKU huisha alfajiri watu wakiwa wamelala, kukakucha, na kwa mwanga wa dirishani mtu asitambue kwamba hata jokofu limenyamaza. Kinachochanganya zaidi ni rauta yenye betri yake ndogo: taa zake zinawaka kama kawaida, nawe unaapa kwamba umeme upo. Kama umeisha, nunua kwa simu, ingiza namba, na usitangaze. Sema, "Njia ya umeme ilikuwa na shida, nimeiweka sawa." Hujadanganya mtu.

Kama mita ina umeme, shuka kwenye adapta, kile kibonge cheusi kilichoko sakafuni nyuma ya kabati. Masanduku madogo mengi hutumia volti 12, na adapta ndiyo inayopokea volti 230 za ukutani na kila fujo inayokuja nazo. Huku Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba na kutusindikiza hadi Aprili au Mei, na mvua zetu zina radi. Radi haihitaji kupiga nyumba yako, nguzo ya mtaa wa pili inatosha. Adapta hufa kwanza, na mara nyingi hufa nusu: taa ya sanduku inawaka, diski zinajaribu kuzunguka, nguvu haitoshi, kila kitu kinazimika, kisha linaanza tena. Ukiona sanduku linaamka na kusinzia namna hiyo, shuku adapta kabla ya kushuku kitu kingine chochote.

Azima kwa mwenzako kabla hujanunua. Soma kibandiko: volti ziwe zilezile kabisa, ampea ziwe sawa au zaidi, ncha iingie bila kulazimishwa, na alama ya chanya na hasi ilingane. Kosa moja hapo litachoma kile ulichokuja kuokoa.

Yapo pia masanduku yanayokufa bila kosa la radi wala la mwenyewe. Mwaka 2017 ilifahamika kwamba chipu za Intel za familia ya Atom C2000, zilizotumika katika masanduku mengi ya aina hii, zina kasoro ya kuzaliwa: baada ya muda mapigo ya saa yake ya ndani hudhoofika na mashine hukataa kuwaka. Kama sanduku lako ni la miaka ile, litaje jina hilo mbele ya watu. Utasikika kama daktari bingwa, na huenda ukawa umepatia.

3. Toa daftari

Mtu anayeandika huheshimiwa kuliko mtu anayebonyeza. Andika saa. Andika kila taa, rangi yake, na kama imetulia au inapepesa. Kwenye masanduku mengi ya Synology, kwa mfano, taa ya hali ikiwa kijani iliyotulia mambo ni mazuri, na ikipepesa rangi ya chungwa inakuambia kwamba hifadhi imepungukiwa diski au imeharibika. Kila mtengenezaji ana lugha yake ya taa, kwa hiyo tafuta kitabu cha maelekezo mtandaoni kwa namba ya modeli iliyo chini ya sanduku. Kisome kwenye simu huku umeinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayejibu ujumbe wa ofisini.

Ukurasa wako wa daftari utakusaidia sana siku utakapomwita fundi, kwa sababu swali lake la kwanza litakuwa: "Taa zilikuwaje?" Tisa kati ya kumi hawakumbuki. Wewe utafungua daftari.

4. Sukuma waya

Chomoa waya wa mtandao pande zote mbili, uchomeke tena mpaka usikie "tak". Badilisha tundu kwenye rauta. Kisha badilisha waya wenyewe, kwa sababu panya hupenda joto la nyuma ya kabati wakati wa baridi ya Juni na Julai, na meno yao hayaonekani mpaka uupinde. Hatua hii ni fupi nami siirefushi, ila usiiruke kwa kuona ni ya kitoto. Inaponya wengi.

5. Tenganisha intaneti na nyumba

Kosa hili hufanywa hata na wasomi. Intaneti ikikatika, watu husema sanduku limekufa. Sanduku halihitaji intaneti kukupa picha zako: njia yake ni kutoka kwenye diski hadi kwenye rauta, na kutoka kwenye rauta hadi kwenye simu yako, yote ndani ya kuta zako.

Kumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini, na Tanzania nzima ikapungukiwa intaneti, Mbeya na Iringa zikiwamo. Siku ile aliyekuwa ametunza picha kwenye seva za mbali alikaa akisubiri meli ya ukarabati. Aliyekuwa na sanduku chini ya televisheni, aliyejua tofauti hii, aliendelea kuangalia harusi ya dada yake.

Jaribu hivi: zima data kwenye simu, acha waifai ya nyumbani tu, kisha fungua sanduku. Picha zikitokea mbele ya wageni intaneti ikiwa imekata, huhitaji kusema neno. Wataenda kusimulia wenyewe.

6. Tafuta lilikohamia

Kama taa ni nzuri na waya ni mzima, sanduku liko hai ila huna anwani yake. Mwezi uliopita mtu alikuja kubadilisha rauta, au wewe mwenyewe ulihama kampuni ya simu kwa sababu bando la wenzao ni nafuu. Rauta mpya ina utaratibu wake wa kugawa namba. Ile ya zamani ilianza na 192.168.1, hii inaanza na 192.168.8, na sanduku lililowekewa namba ya kudumu ya mtaa wa zamani linaendelea kusubiri kwenye mlango ule ule. Ni sawa na mtu aliyehama Mwanjelwa kwenda Uyole, na barua zake bado zinapelekwa Mwanjelwa.

Fungua ukurasa wa rauta kwa kompyuta au simu. Namba yake na nywila ya kuanzia kwa kawaida zimebandikwa chini ya rauta. Tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kama sanduku limo, nakili namba yake, iandike kwenye kivinjari, na utaliona linakusalimu kama vile halijakukosesha usingizi. Ukikuta lina namba inayoanza na 169.254, maana yake liliomba namba kwa rauta, halikupewa, likajipa lenyewe. Zima rauta, iwashe, subiri itulie, ndipo uwashe sanduku. Rauta kwanza, sanduku baadaye: mpangilio huo wa kuwasha umeokoa watu wengi kuliko programu yoyote.

Kama halimo kabisa kwenye orodha kwa sababu limeshikilia namba ya zamani, kuna njia ya mkato tamu. Toa rauta ya zamani kabatini kama hukuirudisha, iwashe bila intaneti yoyote, chomeka sanduku na kompyuta kwenye rauta hiyo, na kila mtu atakuwa amerudi mtaa wake. Ingia kwenye mipangilio, ondoa namba ya kudumu, liambie sanduku lipokee namba kutoka kwa rauta, kisha lirudishe kwenye rauta mpya. Dakika ishirini. Anayetazama ataona rauta mbili na nyaya nne, na hataamini kwamba ulikuwa unabadilisha tiki moja.

Ukimaliza, iambie rauta ilitengee sanduku namba ileile siku zote. Iandike kwenye plasta ya karatasi na uibandike chini ya sanduku. Usione haya. Mafundi wote wana karatasi, wamezidiana mahali pa kuificha.

7. Kompyuta ndiyo imekataa

Simu inafungua picha, kompyuta haifungui: sanduku halina hatia. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017 Windows 10 iliacha kuja na ile lugha ya zamani ya kushirikisha mafaili, SMB toleo la kwanza, kwa sababu lilikuwa mlango wa wezi. Sanduku la zamani linalojua lugha hiyo peke yake likawa linaongea na asiyelisikia. Na Windows 11, toleo la 24H2 la mwaka 2024, imekaza zaidi: haimkubali mgeni asiye na nywila, na inadai kila mazungumzo yatiwe sahihi. Watu walisasisha kompyuta jioni, asubuhi wakalilaumu sanduku.

Mitaani utaambiwa uilegeze kompyuta ili ikubali ya zamani. Usikubali. Sasisha programu ya sanduku, tengeneza akaunti yenye jina na nywila kwa kila mtu wa nyumbani, na uache kuingia kama mgeni. Ni kazi ya nusu saa, na ukiwa umekaa unaandika majina ya watu na kuwauliza nywila wanazotaka, utaonekana kama afisa wa benki.

8. Kile kitundu kidogo

Nyuma ya sanduku kuna kitundu kinachoingia ncha ya pini. Umekiona tangu mwanzo. Mkono unawasha.

Hapa punguza mwendo, maana kubonyeza ovyo kunaweza kubadilisha tatizo la leo kuwa msiba. Kwenye masanduku mengi ya Synology, ukishika kitufe kilicho ndani ya kitundu hicho kama sekunde 4 mpaka sanduku lilie mara moja, unarudisha nywila ya msimamizi na mipangilio ya mtandao mahali pa kuanzia, na mafaili hubaki. Ukiachia kisha ukabonyeza tena papo hapo sekunde nyingine 4 mpaka lilie mara tatu, unaliambia lijiandae kuwekewa programu yake kuu upya. Kwa watengenezaji wengine kitufe kinachofanana kinaweza kufuta kila kitu. Usibonyeze kabla hujasoma maelekezo ya modeli yako hasa, neno kwa neno. Na kompyuta au sanduku likikuuliza kama unataka kufomati diski, jibu ni hapana. Likiuliza mara ya pili, hapana. Hata kama wote wanatazama.

Sanduku kufutika lote kwa mara moja si hadithi ya kutishia watoto. Mwezi Juni 2021 wenye masanduku ya My Book Live ya Western Digital, katika nchi mbalimbali, waliamka wakakuta yamerudi mwanzo kama yalivyotoka dukani, matupu. Hakuna aliyebonyeza: wavamizi waliingia kupitia intaneti na kuamuru ufutaji. Programu ya masanduku hayo ilikuwa haijasasishwa tangu 2015, na kampuni ikawaambia wateja wayachomoe kwenye intaneti. Miaka ya picha za watu iliondoka kwa amri moja. Kama sanduku lako limefunguliwa njia ya kufikiwa kutoka nje ili ujivunie ukiwa Dar es Salaam, lifunge njia hiyo leo.

9. Ikigonga, zima

Tik, tik, tik. Huo ni mkono wa kusoma unaotafuta mahali pake na kukosa. Ndani ya diski, kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani inayozunguka kwa umbali wa nanomita chache, na unywele wako ni mnene kuliko umbali huo mara maelfu. Kila sekunde diski inapoendelea kugonga, kichwa kinaweza kuwa kinakwangua harusi ya mtu. Zima kwa utaratibu kama sanduku linakubali, kama halikubali chomoa, na usiwashe tena ili "kuhakikisha".

Utapewa ushauri. Mmoja atasema uiweke diski kwenye friza. Unyevu utaganda ndani, na hapo hata bingwa hatakusaidia. Mwingine atasema uifungue uione. Punje moja ya vumbi la Iringa la mwezi wa tisa ni jiwe kwa kichwa kile. Wa tatu, kwa sauti ya kisomi, atalaumu mwinuko, kwamba huku hewa ni nyepesi. Watengenezaji wengi huruhusu diski za kawaida zitumike mpaka kama mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Mbeya mjini ni kama 1,700. Ungelipandisha sanduku kwenye kilele cha Rungwe, karibu mita 2,960, bado ungekuwa ndani ya kibali.

Kabla ya kuchomoa diski yoyote, andika juu yake kwa kalamu isiyofutika: 1, 2, 3, kwa mpangilio wa matundu kutoka kushoto. Piga picha. Sanduku likifa na diski zikiwa nzima, mara nyingi zinaweza kuhamishiwa kwenye sanduku jingine la mtengenezaji yuleyule kwa mpangilio uleule, au kusomwa na mtu anayejua Linux, kwa kuwa masanduku mengi ya nyumbani huendeshwa na mfumo huo kwa ndani. Nenda Iyunga, kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, utafute kijana wa kompyuta mwenye subira. Mpelekee diski, daftari na chakula cha mchana.

Usiwaamini sana wanaokuambia, "Una diski mbili, hakuna shida." Diski mbili za kuakisiana zinakulinda diski moja ikifa. Ukifuta faili, linafutwa kote kuwili sekunde ileile. Radi ikipita kwenye waya, mwizi akibeba sanduku, yule mvamizi akiingia, zinaondoka zote zikiwa zimeshikana mikono.

10. Mama wa bibi harusi

Tuseme imeshindikana. Diski imekwangulika, picha za Jumamosi zimo humo tu, na simu inaita. Ni mama wa bibi harusi, kutoka Kihesa.

Hapa watu wengi huonyesha uanagenzi wao. Wanazima simu. Wanasema umeme haupo. Wanasema wanazipaka rangi. Mimi niliwahi kufanya hivyo kwa majuma matatu, na yule mama alikuwa ameshamwambia mama yake mzee, mgonjwa, kwamba picha zinakuja. Bibi alifariki bila kuziona. Sikuweza kuzirudisha picha, lakini majuma yale matatu ningeweza kumpa, akayatumia kukusanya zilizokuwa kwenye simu za watu wakati bibi bado yupo. Ndiyo maana nakufundisha kushindwa haraka.

Fanya hivi kabla hujapokea simu. Toa kadi ya kamera uliyopigia harusi ile, usiitie tena kwenye kamera. Hata kama uliifuta, picha zilizofutwa hubaki mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake, na programu ya bure iitwayo PhotoRec hufukua mengi. Elekeza itakachofukua kwenye diski nyingine, isirudishe kwenye kadi hiyohiyo. Kisha ingia kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi na uombe kila aliyepiga picha akutumie kama faili, ili zisibanwe zikapoteza ubora. Mtafute mshereheshaji, shangazi zake bibi harusi, na kijana wa muziki, ambaye daima alirekodi. Kufikia jioni utakuwa na mia mbili.

Sasa piga wewe. Usisubiri upigiwe.

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Picha zetu vipi?"

"Mama, diski iliyokuwa na picha imeharibika jana. Kosa ni langu, sikuwa na nakala ya pili. Nimefukua kadiri nilivyoweza kutoka kwenye kadi, na nimekusanya mia mbili kutoka kwa wageni. Nakuletea Jumamosi mimi mwenyewe, na pesa yako narudisha."

Kisha nyamaza. Usitaje chipu, usitaje radi, usitaje wavamizi. Atalia, au atafoka, au vyote. Msikilize mpaka amalize. Peleka picha zimeshachapishwa, ndani ya albamu, pamoja na pesa, na uende kwa miguu yako badala ya kutuma bodaboda. Mtu aliyeletewa habari mbaya mapema na mtu aliyesimama mlangoni hukuzungumzia vizuri msibani na harusini. Nimeona mpiga picha akipewa harusi ya mdogo wake bibi harusi baada ya kupoteza ya dada mtu, kwa sababu alikuja siku iliyofuata.

11. Pakia basi

Ukishatoka salama, tafuta nakala ya tatu. Wapiga picha duniani wana kanuni iliyoenezwa na mwenzao wa Marekani, Peter Krogh: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 ikae mbali na nyumba. Watu wengi hukwama kwenye "mbali", wakidhani lazima wapande intaneti. Piga hesabu. Terabaiti 2 kwa mwendo wa kupandisha wa megabiti 10 kwa sekunde, bila kukatika hata dakika moja, ni siku 18 na nusu. Basi linaloondoka Mbeya asubuhi hufika Iringa siku hiyohiyo, kilomita zipatazo 330, likipitia Makambako na Mafinga.

Kwa hiyo nunua diski moja ya nje, nakili kila kitu usiku, izungushie taulo, itie kwenye boksi, na umpelekee ndugu wa mji wa pili. Wewe wa Mbeya mpelekee wa Iringa, wa Iringa naye akutumie yake. Mvua ya radi inayopiga Uyole haifiki Ipogolo, na mwizi wa Soweto hana ufunguo wa Gangilonga. Weka nywila kwenye diski, maana ndani yake mna maisha ya watu. Kila baada ya miezi mitatu badilishaneni mnapokwenda kusalimiana, na kabla ya kuondoka fungueni mafaili matano au sita, yoyote, mhakikishe yanafunguka.

Yangu iko Kihesa, kwenye kabati la shemeji, chini ya mashuka, imeandikwa jina na tarehe. Sauti ya bibi imo. Yako ikifika Iringa kabla ya Novemba, itakuwa imeziwahi radi za mwaka huu.